Mifupa, majina na mnara: makumbusho ya mauaji ya kimbari yanaanzia wapi

Tangu UNESCO iweke sehemu tatu za Kambodia, za maovu ya utawala wa Khmer Rouge miaka ya sabini, kwa orodha ya Urithi wa Dunia mwezi wa saba 2025, na kabla ya hapo sehemu nne za Rwanda, za mauaji ya Watutsi ya 1994, mwezi wa tisa 2023, kuna mazungumzo huku kwetu Kenya yanajirudia, Nakuru utayasikia, Kisumu utayasikia, na yote huishia pahali pamoja: mbona sisi hatujengi yetu. Watu wanataja Kigali, wanataja wageni wanaoingia pale Gisozi, makumbusho makubwa ya huko, wanasema kaunti itafute ekari mbili tatu iweke mnara na jumba la kumbukumbu ya ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008 halafu tutaheshimika. Hiyo hamu naielewa na ninaiheshimu. Lakini habari yenyewe naona tumeisoma vibaya, na sababu ni kwamba sisi UNESCO tunaijua kwa maziwa, Nakuru, Elementaita na Bogoria yaliingia 2011, na watu wa Migori wanaijua kwa Thimlich Ohinga iliyoingia 2018, kwa hivyo tukisikia hilo jina akili inakimbia kwa geti, tiketi na hoteli. Kilichotambuliwa Rwanda na Kambodia ni eneo la uhalifu lililohifadhiwa pamoja na ushahidi wake, mambo ya jengo zuri na watalii hayakuwa hoja. Ndio maana nasema mtu anayetaka kuchora makumbusho ya mauaji ya halaiki, popote pale, asianze na mchoro. Aanze na maswali mawili: mabaki ya waliouawa yatalala wapi, na nani ana haki ya kuandika na kurekebisha majina yao. Asipoyajibu hayo, jengo litakuwa la serikali hata likijazwa picha za marehemu ukuta mzima.

Turudi nyuma kidogo, manake hiyo orodha haikufunguka kirahisi. Auschwitz, ile kambi ya Wanazi kule Poland, iliwekwa 1979, na baada ya hapo kamati ikasita, ikaona bora hiyo moja isimame kwa niaba ya maovu ya namna hiyo. Miaka ikapita, nchi zikaanza kuleta maombi ya sehemu za vita na mauaji ya juzi juzi, wataalamu wakaonya, na 2018 kamati ikasimamisha kwanza maombi ya aina hiyo ijadili upya. Ni Januari 2023, kwa kikao maalum Paris, ndio ikakubaliwa kwamba zinaweza kuingia, na mwaka huo huo Rwanda ikaingia pamoja na ESMA ya Argentina, ile shule ya jeshi la majini iliyogeuzwa kituo cha siri cha kutesa watu. Hofu ya wale wataalamu haikuwa ya bure. Eneo la mauaji lina familia ambazo bado zinaishi, lina waliouawa na waliofanya, lina serikali inayotaka kusimulia kwa njia yake, na ukishaligonga muhuri wa dunia nzima ni kama umekubali simulizi moja. Hiyo ndiyo hatari ambayo mtu anayesema tu "tujenge kama Kigali" haioni.

Na hata hiyo "kama Kigali" ni gani? Rwanda haikupeleka jumba moja, ilipeleka sehemu nne na kila moja ni uamuzi tofauti kabisa. Nyamata, kusini mwa Kigali, ni kanisa Katoliki ambako maelfu ya Watutsi walikimbilia wakidhani patakatifu pataheshimiwa. Kanisa limeachwa lilivyo, mabati yana matundu, na nguo za waliouawa zimelundikwa juu ya mabenchi ya ibada. Murambi ilikuwa shule ya ufundi ambayo ujenzi wake ulikuwa haujaisha, watu wakaambiwa wakusanyike pale watalindwa, maji yakakatwa, na tarehe 21 Aprili 1994 wakashambuliwa. Baadaye miili ilipofukuliwa, mamia yake ilihifadhiwa kwa chokaa ikalazwa kwa vyumba vya madarasa, na mgeni anaingia darasa moja baada ya lingine. Nje kuna kibao kinachosema hapa wanajeshi wa Ufaransa, waliopiga kambi pale baada ya mauaji, walikuwa wakicheza voliboli. Hakuna mchoraji wa majengo anayeweza kubuni kitu kizito kuliko hicho kibao, na ni kibao tu kwa uwanja mtupu, kinafanya kazi juu kimesimama pale pale ilipotokea. Bisesero ni kilima cha watu waliopigana, Watutsi wa huko walijitetea kwa mawe, fimbo na mikuki kwa wiki nyingi, kwa hivyo ukumbusho wake ni njia ya kupanda mlima ikipitia vinyumba tisa, kimoja kwa kila wilaya ndogo ya mkoa wa Kibuye wa wakati ule. Unapanda ukihema, na hiyo ndiyo imekusudiwa. Halafu ndio Gisozi, jengo jipya lililofunguliwa Aprili 2004 na jiji la Kigali pamoja na shirika la Aegis Trust la Uingereza, lenye vyumba vya maonyesho, na nje yake makaburi ya pamoja ambamo zaidi ya watu 250,000 wamezikwa. Watu wetu wakirudi kutoka Rwanda huleta picha za Gisozi, hizo zingine tatu ni wachache huzifika, na ndio maana tunadhani makumbusho ni jengo.

Sasa tufike kwa jambo linaloleta ubishi mkubwa zaidi, mifupa. Mtu wa huku Nyanza au Magharibi akionyeshwa mafuvu yamepangwa kwa kabati la kioo, jambo la kwanza atauliza ni mbona hawa hawajazikwa. Na ana haki kuuliza. Kwetu mtu akifa Mombasa au Dubai mwili unachangiwa mpaka urudi nyumbani, na kwa Waluo mwili ukikosekana kabisa, mfano mtu alizama ziwani hakupatikana, familia huzika tunda la yago mahali pake ili kaburi liwepo. Sasa mwambie huyo mtu kwamba mwili umepatikana, na umewekwa uangaliwe na wageni. Kambodia nao walikuwa na ubishi huo huo kwa mila yao ya Kibuddha, kwamba maiti ichomwe roho ipumzike, na pale Tuol Sleng, jela ya Khmer Rouge iliyogeuzwa makumbusho, kulikuwa na ramani ya nchi iliyotengenezwa kwa mafuvu 300, ikavunjwa mwaka 2002. Lakini pia upande wa kuonyesha una hoja ambayo siwezi kuipuuza. Mauaji ya Watutsi yanakanwa mpaka leo, kuna watu wenye elimu kabisa wanaandika kwamba ilikuwa vita ya kawaida ya pande mbili, ilibidi mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, iliyokuwa Arusha, iamue 2006 kwamba hili ni jambo linalojulikana na halihitaji tena kuthibitishwa kila kesi. Kuna manusura ambao wao wenyewe walisema miili ya Murambi isifunikwe, juu ikifunikwa tu kesho mtu atasimama aseme haikuwepo. Mfiwa akisema hivyo, mimi wa Nakuru ni nani nimwambie amekosea?

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaokataa. Mifupa inathibitisha kwamba watu walikufa, lakini haisemi ni akina nani. Fuvu halina jina, na mgeni anayetoka kuona mafuvu elfu moja hutoka na uchungu mwingi lakini hamjui hata mmoja kati yao, na kumfanya mtu asiwe mtu, awe idadi tu, ndiyo kazi ambayo wauaji walikuwa wameianza. Pale Gisozi chumba kinachowavunja watu si cha mafuvu, ni cha watoto. Picha kubwa ya mtoto, chini yake jina, umri, chakula alichopenda, rafiki yake, mchezo wake, halafu mstari unaosema aliuawa vipi. Basi. Vitu hivyo havikutoka kwa mwanahistoria wala kwa kampuni ya maonyesho, vilitoka kwa mtu aliyebaki akakumbuka kwamba huyu alipenda chipsi na mayai, au huyu alikuwa hawezi kukaa bila mpira. Kuna pia ukuta wa picha za kawaida za familia, za harusi, za shule, zimeletwa na jamaa wenyewe. Ukiuliza nani alichora hicho chumba, jibu la kweli ni wafiwa. Hapo ndipo naona makumbusho yanaanzia, na mifupa nayo mtu wake akipatikana, akaja na jina, akataka azike kwao, makumbusho yawe yamechorwa na kuandikwa kisheria kwamba mfupa unaweza kutoka. Kabati la kioo lisilofunguka kwa mwenye marehemu linawahudumia wageni tu.

Mnaoishi karibu na ziwa mnajua kwa nini hili la majina linaniuma. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alisimama Kabaya akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. 1994 ikafika na mto ukabeba kweli, Nyabarongo ukaingiza Kagera, Kagera ukaingiza Victoria, na wavuvi upande wa Uganda ndio wakaanza kutoa miili majini. Wazee wa beach za Kisumu na Homa Bay bado wanasimulia vile watu waliogopa kula samaki. Uganda kuna makaburi matatu, Kasensero, Lambu na Ggolo, yamebeba karibu watu 11,000, na hawa walizikwa na wageni ambao hawakujua hata mmoja wao anaitwa nani. Walizikwa kwa heshima, Mungu awabariki waliofanya hiyo kazi. Lakini ukisimama pale kama mtu aliyepoteza dada yake Rwanda huwezi kujua kama yuko hapo. Hili ziwa ni letu pia, na sehemu ya historia ya mauaji ya kimbari imezikwa ufukweni mwake bila majina, na sidhani tunafundisha watoto hilo popote.

Hoja dhaifu kuliko zote kwa huu mjadala ni ile ya kusema makumbusho yanafukua vidonda, watu wameshasameheana, kubali yaishe. Huku Bonde la Ufa tumeijaribu hiyo dawa mara nyingi vya kutosha kujua haifanyi kazi. 1992 Molo iliungua kwa vita vya kikabila, hakuna kumbukumbu ikawekwa. Mwanzo wa 1998 Njoro na Laikipia zikaungua, Tume ya Akiwumi iliyoundwa kuchunguza vita hivyo ikasikiza mashahidi, ripoti ikafichwa mpaka 2002. 2007 mwisho pale pale pakaungua tena, safari hii pakubwa zaidi, na kuna familia zilizofukuzwa mara tatu kutoka shamba moja. Ukimya ulikuwepo katikati ya hizo zote, kwa hivyo mtu anayesema ukimya unaponya atuonyeshe ni wapi uliponya. Kile ukimya unafanya ni kumwachia kila mmoja asimulie watoto wake jikoni, upande wake pekee, bila mtu wa kumsahihisha, na huyo mtoto akifika miaka 20 anabeba hesabu ambayo haijawahi kulinganishwa na ya jirani. Sitaki pia kuongeza chumvi upande wangu. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba makumbusho yanazuia mauaji yajayo, na wale wanaosema Kigali imeponya Rwanda wanalipatia jengo sifa ya kazi iliyofanywa na mahakama za kijijini za gacaca, na ulinzi, na kuchoka kwa watu. Makumbusho yanazuia kitu kidogo zaidi, yanazuia uongo usikae raha.

Hoja nzito ni ya simulizi la serikali, na hii nakiri inanisumbua. Tuol Sleng ilifunguliwa na utawala ulioletwa na jeshi la Vietnam baada ya kuwaangusha Khmer Rouge Januari 1979, na aliyeipanga alikuwa kanali wa Vietnam, Mai Lam. Lengo mojawapo lilikuwa kuonyesha dunia kwamba uvamizi ulikuwa halali. Ushahidi ulikuwa wa kweli kabisa, shule iliyogeuzwa jela S-21, maelfu ya picha za wafungwa zilizopigwa na wauaji wenyewe, vitanda vya chuma, pingu, lakini mpangilio ulikuwa wa kisiasa. Picha nyingi zilikaa miaka na miaka bila jina, familia zikipita zikitafuta sura. Rwanda nako wapo wanaosema makumbusho yanasimulia tu vile RPF, chama kinachotawala, inataka. Hapa lazima mtu awe makini sana, juu kuna watu hutumia maneno hayo kusema kulikuwa na mauaji ya kimbari mawili, na huko ni kukana. Mauaji ya 1994 yalipangwa, yalikuwa na orodha, redio na vizuizi vya barabarani, yalilenga Watutsi, na Wahutu waliokataa kama Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana waliuawa siku ya kwanza kabisa. Lakini unaweza kusema hayo yote kwa sauti na bado ukasema kwamba familia yoyote ya raia aliyeuawa na askari wa upande wowote ina haki ya kaburi na jina. Makumbusho yanayoogopa hilo swali yamechorwa na mtu anayejali kiti chake.

Nikileta hii kwetu, kwanza niseme wazi: 2007 na 2008 haikuwa mauaji ya kimbari na ni vibaya kuiita hivyo, hilo ni kosa lenye vigezo vyake mahakamani, hata Kambodia ilipofika 2018 majaji walilipima kwa makabila na kwa mtu mmoja mmoja kabla ya kulitamka. Tunachochukua Rwanda ni maswali. Na maswali hayo yanakuja magumu zaidi huku, kwa sababu kwetu hakuna mshindi na hakuna upande mmoja. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133, kati yao 744 Bonde la Ufa, 134 Nyanza, 125 Nairobi, 98 Magharibi, na 405 walikuwa ni wa risasi. Ukienda Kiambaa nje ya Eldoret utaambiwa kuhusu kanisa lililochomwa 1 Januari 2008 na akina mama na watoto ndani. Ukija Nakuru na Naivasha utaambiwa kuhusu wiki ya mwisho ya Januari, kisasi, na ni kabila zingine ndio wanalia. Ukifika Kondele, Kisumu, utaambiwa kuhusu risasi za polisi. Haya yote ni kweli kwa wakati mmoja, na jumba moja Nairobi au Nakuru mjini lenye mlango mmoja na simulizi moja litamfukuza angalau mfiwa mmoja kati ya hawa watatu. Rwanda yenyewe imekuwa na sehemu za kumbukumbu zaidi ya 200. Kwa hivyo kama ni kuiga, tuige kutawanya.

Na tusijidanganye kwamba hatujui kuandika majina. Tunajua vizuri. Pale lilipokuwa jengo la ubalozi wa Marekani Nairobi, lililolipuliwa kwa bomu, kuna bustani ya kumbukumbu ya 7 Agosti 1998, ilifunguliwa 2001, na majina ya waliouawa yapo ukutani. Ilichukua miaka mitatu tu. Muuaji alikuwa ametoka nje, ndio maana ilikuwa rahisi. Muuaji akiwa jirani, au akiwa amevaa sare ya serikali, kalamu inakauka. Shakahola pia ituangalize, kule wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa wakifunga kula: 2023 miili zaidi ya 400 ilitolewa msituni, waziri wa usalama akasema msitu utakuwa eneo la kumbukumbu, na wakati huo huo familia zilikuwa mochari zikisubiri DNA, za kwanza zilikabidhiwa miili Machi 2024. Ukumbusho ulitangazwa kabla waliokufa hawajajulikana ni akina nani.

Kuna mama mmoja mtaani kwetu, Free Area, ambaye amehifadhi karatasi ya mochari na fotokopi ya OB ya polisi ya kijana wake kwa bahasha ya plastiki tangu Januari 2008. Hakuna ofisi yoyote imewahi kumuomba hizo karatasi. Watu kama yeye wako Rhonda, Kuresoi, Burnt Forest, Nyalenda, na karatasi zao ndizo makumbusho, hata kabla ya tofali la kwanza. Kama kaunti inataka kuanza, isitangaze tenda ya mnara. Iajiri vijana wanaojua Kiswahili na lugha za mashinani, waende na daftari na kinasa sauti, waandike jina, umri, kazi, alipenda nini, alikufa vipi, amezikwa wapi, halafu warudishe kilichoandikwa kwa familia kisomwe na kisahihishwe, na familia ikisema hapana jina lisiwekwe basi lisiwekwe. Wakae na mtu wa ushauri nasaha karibu, juu watu wataanguka wakiongea. Kamati ya kuamua iwe na wafiwa wa kila upande wakiwa wengi kuliko maafisa, na hilo liandikwe kwa sheria ya kaunti ili gavana ajaye asilifute. Bunge nalo lirudishe mezani ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa rais Mei 2013, ambayo ilipendekeza fidia na kumbukumbu za waathiriwa na imelala tangu hapo, manake bila hiyo kila kaunti itasema haina mamlaka. Mtu aliyekuwa na miaka 50 Molo ikichomwa 1992 sasa amepita 80, kwa hivyo waanze na hao, na waanze mwaka huu.